Namna ya Kuandika Maisha ya Meli ya Mabehewa, Kuanzia Kuundwa Hadi Kustaafu

Mombasa ni kisiwa, lakini behewa la garimoshi halikuwahi kuhitaji feri ili liingie kisiwani au litoke, kwa kuwa reli ilivuka Makupa tangu zama za ujenzi wake. Ndiyo maana mtu wa hapa akitajiwa feri, akili yake huenda moja kwa moja Likoni, kwenye abiria, magari na mikokoteni. Hata hivyo, sehemu ya shehena iliyoshushwa Kilindini ilikuwa ikipanda bara zaidi ya kilomita 900, ikafika Kisumu, kisha behewa lenyewe, pamoja na magurudumu yake na mzigo wake, likasukumwa juu ya meli yenye reli kwenye sitaha na kuvushwa ziwa hadi Port Bell, Jinja au Mwanza. Wapo wastaafu wa reli na bandari ambao mikono yao ilifunga minyororo ya mabehewa hayo. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mjukuu, mwanafunzi au mpenzi wa historia anayetaka kuandika maisha ya meli moja ya aina hiyo kwa utaratibu unaoaminika.

Kabla ya yote, shika msingi mmoja ambao utakuongoza katika kila hatua: meli ya mabehewa ni sehemu ya njia ya reli, na kwa sababu hiyo mambo mengi yanayoamua kazi yake, na karibu yote yanayoamua kustaafu kwake, hutokea nchi kavu. Mwandishi anayeandika habari za injini, nahodha na dhoruba peke yake ataandika kitabu cha kusisimua ambacho hakielezi kwa nini meli nzima, yenye chuma imara, iliachwa gatini.

Anza daftari lako kwa vipimo vya sitaha. Andika upana wa reli, idadi ya njia za reli zilizolazwa juu ya sitaha, na jumla ya urefu wa njia hizo kwa mita. Upana ni jambo la kwanza kwa sababu ndio unaosema meli inaweza kupokea mabehewa ya nani. Meli za Ziwa Victoria zilijengwa kwa reli ya milimita 1,000, ile ile iliyoanzia Mombasa. Reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435, na tena haikufika Kisumu. Kwa hiyo behewa la reli mpya haliwezi kuingia katika meli hizo, na shehena yake ni lazima ihamishiwe behewa jingine njiani. Ukiandika upana wa reli katika ukurasa wa kwanza, msomaji atayaelewa mengi ya kurasa za mwisho.

Urefu wa njia unafaa zaidi kuliko idadi ya mabehewa. Ukikuta karatasi moja inasema meli fulani hubeba mabehewa 19 na nyingine inasema 22, usikimbilie kumsahihisha mwandishi wa mojawapo, kwa kuwa idadi hutegemea urefu wa behewa, na behewa la mafuta si sawa na behewa la kufunikwa wala lile la kubebea kontena. Andika idadi zote mbili, taja kila moja imetoka wapi, halafu pima urefu wa reli za sitaha katika mchoro wa meli ikiwa umeupata.

Habari za kuundwa kwa meli hazihitaji kurasa nyingi, isipokuwa kwa meli za ziwani, ambazo zina jambo la ajabu linaloihusu Mombasa moja kwa moja. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hakuna mto ambao meli kubwa inaweza kuupanda hadi huko. MV Uhuru na MV Umoja, zilizoingia kazini katikati ya miaka ya 1960 chini ya shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki, zilitengenezwa na kiwanda cha Yarrow mjini Glasgow, vipande vyake vikatiwa alama za namba, vikafunguliwa, vikasafirishwa kwa bahari hadi Kenya, vikapandishwa kwa treni na kuunganishwa tena Kisumu. Mwandishi wa Mombasa ana nafasi hapa ambayo mwandishi wa Kisumu hana: anaweza kuanza masimulizi Kilindini, mahali ambapo meli ilipita ikiwa bado mzigo. Tafuta hati za kupokea shehena za miaka hiyo na uwaulize makuli wazee au watoto wao kuhusu mabamba ya chuma yenye namba za rangi.

Baada ya meli, chunguza daraja la gatini, yaani lile linalounganisha reli ya nchi kavu na reli ya sitaha. Watu huliruka kwa sababu halielei, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika historia za meli hizi. Leviathan, meli ya kwanza duniani kubeba mabehewa kwa ratiba ya kawaida, ilianza kazi mwaka 1850 kati ya Granton na Burntisland huko Scotland, na ugumu wake haukuwa katika kuelea. Ulikuwa katika kuyaingiza mabehewa wakati maji yanajaa na kupwa, jambo lililotatuliwa na mhandisi Thomas Bouch kwa daraja linaloweza kupandishwa na kushushwa. Ili uelewe tatizo lenyewe, nenda Likoni siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yakiwa yamekupwa kabisa, utazame mteremko ambao magari hulazimika kuupita kati ya feri na nchi kavu, kisha urudi wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ulinganishe. Gari lina matairi ya mpira na dereva wa kulikwepesha. Behewa lina magurudumu ya chuma yenye ukingo, na reli mbili zikipishana kwa kimo kidogo tu, gurudumu huacha reli.

Ziwani hakuna maji kujaa na kupwa kama ya Kilindini, lakini kina hubadilika kwa miaka. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 lilipanda tena hadi kufunika sehemu za gati nyingi. Kwa hiyo katika kila bandari ambayo meli yako ilihudumu, uliza daraja lilijengwa lini, linainuliwa kwa mtambo gani, linastahimili uzito gani, na ni vipindi gani halikutumika. Miezi ambayo daraja la upande mmoja lilikuwa bovu ni miezi ambayo meli ya mabehewa haikuwa na kazi, hata kama batli, yaani daftari la safari za meli, inaonyesha kuwa mitambo yake ilikuwa mizima.

Upakiaji ndio moyo wa kazi hii, nami ningekushauri utumie muda mwingi hapa kuliko popote. Behewa lililojaa lina makumi ya tani. Likisukumwa kwenye njia ya reli iliyo pembeni mwa sitaha, meli huinama upande huo, na daraja la gatini husokotwa kwa kuwa upande mmoja umefungwa nchi kavu na mwingine unafuata meli. Ndiyo sababu mabehewa hupakiwa kwa zamu: machache kulia, machache kushoto, au njia za katikati kwanza ikiwa zipo, huku maji ya farumi, yaani ya kuipa meli uzito na utulivu, yakihamishwa kutoka tangi la upande mmoja hadi la upande wa pili ili kuisawazisha meli. Uzito wa tezi, yaani upande wa nyuma wa meli, nao hubadilika kila behewa linapoingia, kwa sababu meli hizi nyingi hupakiwa kutokea nyuma. Mwaka 1909, meli ya Kimarekani Ann Arbor No. 4 ilipinduka ikiwa gatini Manistique, kwenye Ziwa Michigan, ilipokuwa ikipakiwa mabehewa ya madini ya chuma. Haikukutana na wimbi wala upepo. Mpango wa uzito uliharibika.

Kichwa cha treni nacho kina kanuni yake. Katika gati nyingi hakiruhusiwi kukanyaga daraja, kwa kuwa ni kizito mno, hivyo huwekwa mabehewa matupu machache kati yake na mabehewa ya shehena, ili yafike ndani ya meli wakati injini ingali kwenye ardhi imara. Ukimhoji mtu aliyefanya kazi ya kupanga mabehewa, muulize kuhusu mabehewa hayo matupu. Jibu lake litakuonyesha mara moja kama alikuwa gatini kweli au alisimuliwa.

Kisha fuata behewa linavyofungwa. Breki peke yake haitoshi, kwa kuwa meli inayokwenda mrama hulipembeza behewa juu ya springi zake mpaka magurudumu yanaanza kunyanyuka. Kwa hiyo huwekwa jeki chini ya fremu ili springi zisicheze, minyororo ya kukaza kila pembe, na vizuizi vinavyobana reli mbele na nyuma ya magurudumu. Andika idadi ya minyororo kwa kila behewa, nani aliikagua, na kama ilikazwa upya safarini. Usiuone ukaguzi huo kuwa jambo dogo. Tarehe 22 Oktoba 1929, meli ya Milwaukee iliondoka katika mji wenye jina hilo ikiwa na mabehewa, ikaingia katika dhoruba ya Ziwa Michigan na haikuonekana tena. Wote waliokuwamo walipotea. Ujumbe uliookotwa baadaye, ulioandikwa na ofisa wa meli hiyo, ulieleza kuwa lango la tezi lilikuwa limepindwa na mawimbi na maji yalikuwa yakiingia. Tezi iliyo wazi ndiyo inayoifanya meli ipakiwe kwa haraka, na ndiyo mahali pa hatari pa meli nzima. Chunguza basi lango la tezi la meli yako lina kimo gani, liliongezwa lini, na maji yanayoingia sitahani hutokea wapi.

Ukipata batli, isome kwa swali moja la hesabu: meli ilitumia saa ngapi ikisafiri na saa ngapi ikingoja? Faida yote ya kubeba behewa zima ni kwamba shehena haishushwi na kupakiwa tena kwa mikono, kama ilivyofanywa zama za meli za mvuke, ambapo gunia lilitoka behewani Kisumu likaingia ngamani, yaani tumboni mwa meli, kisha likatolewa tena ng'ambo. Meli ikingoja mabehewa siku mbili, faida hiyo imekwisha kabla nanga haijang'olewa. Tengeneza jedwali la mwezi mmoja wa miaka mizuri na mwezi mmoja wa miaka ya mwisho, uandike sababu ya kila kuchelewa kama ilivyoandikwa: mabehewa hayajafika, forodha, daraja, mafuta, mitambo, hali ya hewa. Katika Ghuba ya Winam, ilipo Kisumu, tangu miaka ya 1990, utakuta pia gugu maji, ambalo huziba njia ya kuingilia gatini na kuingia katika mifereji ya maji ya kupozea injini.

Wastaafu uwaendee baada ya kuzisoma hati, si kabla, ili maswali yako yawe na mahali pa kushika. Mpe mzee shikamoo, kaa, acha kwanza aseme alichotaka kusema, kwani huenda amesubiri miaka mingi kuulizwa. Halafu uliza mambo ya mikono. "Ami, mkikaza minyororo mlianzia behewa la mbele au la nyuma?" ni swali linalozaa masimulizi, "Ami, kazi ilikuwaje?" litazaa "Alhamdulillahi, ilikuwa njema," na mazungumzo yataishia hapo. Akitaja mwaka, muulize ulikuwa kabla au baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, maana mpaka huo hawausahau: mali ya shirika la pamoja iligawanywa, Uhuru ikabaki Kenya na Umoja ikawa ya Tanzania, na watu waliokuwa wafanyakazi wa mwajiri mmoja wakawa chini ya nchi mbalimbali. Jina la mtu aliye hai usilichapishe bila idhini yake.

Sasa tunafika kwenye kustaafu, ambako waandishi wengi huweka tarehe moja na kufunga kitabu. Meli ya mabehewa ina tarehe nne za mwisho na mara nyingi zinapishana kwa miaka: siku iliyobeba behewa kwa mara ya mwisho, siku ambayo cheti chake cha usalama kiliisha bila kuhuishwa, siku iliyofutwa katika daftari la usajili, na siku chuma chake kilipokatwa. Tafuta zote nne. Kwa meli zilizosajiliwa Kenya, maswali ya vyeti na usajili huelekezwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako hapa Mombasa, na barua rasmi inayotaja jina la meli, namba yake na miaka unayoitafuta itakusaidia kuliko ziara ya ghafla. Kwa picha na nyaraka za enzi za shirika la pamoja, Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo mahali pa kuanzia.

Mfano ninaoupenda kwa kuonyesha tofauti ya tarehe hizo ni wa Chief Wawatam, iliyoundwa Toledo, Marekani, mwaka 1911 ili kuvusha mabehewa katika mlango wa maji wa Mackinac na kuvunja barafu wakati wa baridi. Mwaka 1957 lilifunguliwa daraja kubwa juu ya mlango huo, na mtu angetarajia meli istaafu siku ile ile. Lakini daraja lilijengwa kwa ajili ya magari, halikuwekewa reli, na meli ikaendelea kubeba mabehewa, tanuri zake zikilishwa makaa kwa koleo, hadi mwaka 1984, wakati shehena ya reli ilipokuwa imepungua mno. Baadaye iliuzwa, ikakatwa sehemu ya juu, ikafanywa tishari la kuvutwa, na chuma chake kikavunjwa mwaka 2009. Kwa hiyo ilistaafu mara ngapi? Kama meli ya mabehewa, 1984. Kama chombo cha maji, miaka 25 baadaye. Mojawapo ya injini zake za mvuke ilihifadhiwa katika makumbusho ya Manitowoc. Linganisha na Leviathan na wenzake, ambao daraja la reli lililofunguliwa juu ya Forth mwaka 1890 liliwanyang'anya kazi, kwa sababu lile lilibeba treni. Ukiandika "daraja liliua feri," eleza daraja la nini.

Meli nyingine hubadilishiwa kazi. Badger, ya Ziwa Michigan, iliacha mabehewa mwaka 1990 na ikarejea mwaka 1992 ikibeba magari na abiria, wakati City of Milwaukee, iliyoundwa mwaka 1931 kushika nafasi ya Milwaukee iliyozama, iliwekwa iwe makumbusho Manistee. Maji baridi yasiyo na chumvi huyala mabati polepole kuliko bahari, na hilo linaeleza kwa nini meli za maziwa huzeeka kwa staha kiasi hicho. Mtu wa pwani anayeona jinsi kutu inavyofanya kazi Kilindini asilete makadirio yake ya umri huko Kisumu.

Kwa Ziwa Victoria kuna jambo la nyongeza. Meli ya baharini iliyochoka inaweza kuvutwa hadi fukwe za wavunjaji wa meli huko India au Pakistani. Meli ya ziwani haina pa kwenda. Itakatwa pale ilipo, itaachwa izame, au itafufuliwa. MV Uhuru ilikaa bila kazi kwa zaidi ya muongo mmoja, na wengi waliihesabu kuwa chuma chakavu, lakini mwishoni mwa 2019 ilirudi kubeba mabehewa ya mafuta kutoka Kisumu hadi Port Bell. Haikurudi kwa sababu ya injini peke yake. Shehena ya kubeba ilikuwapo, na reli na gati zilitengenezwa pande zote. Kwa hiyo ukikuta meli imefungwa gatini, andika "haifanyi kazi tangu mwaka fulani," na neno "imestaafu" lingoje ushahidi wa usajili.

Ajali nayo si kustaafu, na iandikwe katika sura yake. MV Kabalega ya Uganda ilizama Mei 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa, na katika hali kama hiyo mwandishi analazimika kufuata mambo mawili: meli iliyozama, na meli zilizobaki, ambazo huzuiwa kufanya kazi mpaka zikaguliwe. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo) marejeo ni ngamani, na kwa mchunguzi wa ajali hilo ni agizo la kazi: baada ya masimulizi ya daraja la nahodha, rudi kwenye ripoti za ukaguzi wa bodi la meli, unene wa mabati, pampu na milango ya kuzuia maji.

Unapoandika nakala ya mwisho, panga sura zako kufuata njia ya shehena badala ya miaka ya manahodha, yaani reli ya kuja, daraja, sitaha, ng'ambo, na reli ya kuendelea. Tarehe ziingie humo. Tenga kurasa za mwisho kwa mambo yaliyookolewa, kama kengele, injini, usukani au ubao wa jina, ukitaja kila kimoja kilipo sasa na nani alikithibitisha. Picha zote zipewe maelezo ya mwaka na bandari kabla hujazirudisha kwa wenyewe. Chapa nakala tatu: moja ya maktaba ya makumbusho, moja ya familia ya mstaafu aliyekusaidia, na moja yako ya kusahihishia, kwa kuwa mzee mwingine atakayeisoma atakuwa na namba ya behewa ambayo wewe huna.